Jibu Swali kwa Ushahidi wa Kagera

Swali linasema: jadili changamoto za kudhibiti malaria vijijini. Alama ishirini. Majibu mengi huanza vilevile: malaria ni ugonjwa unaosababishwa na vimelea vya plasmodiamu, huenezwa na mbu jike aina ya anofelesi. Zinafuata dalili, halafu makundi yaliyo hatarini, halafu orodha tunayoijua sote: umaskini, elimu duni, uhaba wa dawa, barabara mbovu. Hakuna uongo humo. Ila jibu hilo angeweza kuliandika mtu wa Lindi, wa Kisumu, hata mtu ambaye hajawahi kuumwa na mbu maishani mwake, na mkufunzi aliyekwisha kusoma mengine thelathini ya namna hiyo hana sababu ya kulipa zaidi ya alama tisa au kumi.

Anayesomea uuguzi, biolojia au biashara huku Bukoba na Muleba hana haja ya kuandika hivyo. Eneo hili limechunguzwa sana. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na watafiti wa Muhimbili walifuatilia kaya za mkoa huu ili kujua kifo cha mtu mzima kinaiachaje familia kimapato. Muleba lilifanyika jaribio la vyandarua lililochangia kubadilisha ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Migomba ya vibanjani ina ugonjwa ambao wanabiolojia wa mabara mengine wanausoma vitabuni. Na kahawa yetu ina historia ya ushirika, serikali, walanguzi na mpaka ambayo inatosha kufundishia kozi nzima ya mkakati.

Kwa hiyo ushahidi upo. Wengi wanakwama kwenye kuutumia. Wanaandika "kwa mfano hapa kwetu Kagera", wanataja jina la wilaya, kisha wanarudi kwenye orodha yao. Mfano wa nyumbani unaleta alama pale tu unapobeba sababu: nini kilitokea, kwa njia gani, kwa kiasi gani, na kwa nini haikuwa vinginevyo. Bila hivyo ni pambo.

Kabla ya mifano, swali lenyewe. Anza na kitenzi chake. Taja linataka orodha na basi. Eleza linataka mnyororo wa sababu. Linganisha linataka vitu viwili vipimwe kwa kipimo kimoja, jadili linataka pande zaidi ya moja, tathmini linataka uamuzi wako na hoja zinazoushikilia. Mwanafunzi aliyeambiwa atathmini akaorodhesha faida na hasara bila kusema zipi zina uzito amejibu swali ambalo hakuulizwa. Kwa kuwa maswali ya chuo huja kwa Kiingereza, kabla hujashika kalamu liseme swali kwa Kiswahili, kwa sauti, kama unayemweleza mdogo wako aliye sekondari. Usipoweza, rudi kitabuni kwanza, maana swali bado halijakuingia. Kisha tazama alama. Swali la alama tano halihitaji utangulizi. La alama ishirini linahitaji hoja nne au tano zilizojengwa vizuri, wala si kumi na mbili zilizotajwa mstari mmoja mmoja.

Muleba na chandarua

Turudi kwenye swali la malaria, maana hapa pana utajiri. Muleba ilipata mlipuko mkali wa malaria mwaka 2006, na mwaka uliofuata upuliziaji wa dawa ukoko majumbani ukaanza. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa pia. Pamoja na hayo watoto waliendelea kukutwa na vimelea, na mbu wa hapo walipopimwa walionekana kuwa sugu kwa pairethroidi, kundi la dawa lililokuwa likitumika kwenye vyandarua vyote vya aina hiyo wakati ule.

Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya utafiti wa magonjwa NIMR, wa chuo cha tiba cha KCMC Moshi na wenzao wa London waliyagawa maeneo 48 ya wilaya, kwa bahati nasibu, katika makundi manne. Kundi moja lilipata chandarua cha kawaida. La pili lilipata chandarua kilichoongezwa kemikali iitwayo piperonili butoksaidi, kwa kifupi PBO. La tatu lilipata chandarua cha kawaida na nyumba zikapuliziwa dawa ukoko, na la nne lilipata chandarua chenye PBO pamoja na dawa ukoko. Baadaye wakapima watoto wa miezi sita hadi miaka kumi na minne. Baada ya miezi tisa, asilimia 42 ya watoto katika maeneo ya chandarua cha kawaida walikuwa na vimelea, dhidi ya asilimia 29 katika maeneo ya PBO. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018, na makala hiyo inasomeka bure mtandaoni. Tayari mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza kupendekeza vyandarua hivyo kwa maeneo yenye mbu sugu.

Sasa tazama aya ya jibu inavyoweza kuandikwa:

"Usugu wa mbu dhidi ya pairethroidi ni changamoto kubwa ya udhibiti wa malaria vijijini. Katika jaribio la Muleba lililoanza mwaka 2015, asilimia 42 ya watoto wa maeneo yaliyopewa vyandarua vya kawaida walikutwa na vimelea baada ya miezi tisa, wakati katika maeneo ya vyandarua vyenye PBO walikuwa asilimia 29. PBO yenyewe si dawa ya kuua mbu; huzuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu huvitumia kuivunja dawa. Kwa hiyo tofauti hiyo inaonyesha kwamba sehemu ya tatizo haikuwa watu kukosa vyandarua, bali mbu kuistahimili dawa iliyokuwa kwenye vyandarua walivyokuwa navyo."

Ni sentensi nne. Ya kwanza imetoa hoja, ya pili imeleta ushahidi wenye mahali, mwaka na kiasi, ya tatu imeeleza njia, na ya nne imesema ushahidi huo unamaanisha nini kwa swali lililoulizwa. Sentensi ya nne ndiyo inayokosekana katika kazi nyingi. Mwanafunzi anaweka takwimu, anaiacha imesimama peke yake, anakimbilia hoja nyingine. Msahihishaji hawezi kukupa alama kwa wazo ulilolibakiza kichwani.

Usiishie hapo kama swali ni la alama nyingi. Kwenye jaribio hilohilo, karibu asilimia 77 ya watu walisema wanalala ndani ya chandarua mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walishuka hadi asilimia 59 hivi. Baada ya miezi 21 watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 45 kwenye maeneo ya PBO na 62 kwenye yale ya kawaida. Yaani PBO iliendelea kuwa bora, lakini malaria ilipanda pande zote mbili. Hapo umepata hoja ya pili inayopishana na ya kwanza: teknolojia nzuri haifanyi kazi ikiwa haitumiki. Na hapo ndipo neno "jadili" linapotimia. Mwanafunzi makini ataongeza kwamba hata kwenye matokeo mazuri zaidi ya miezi tisa, watoto zaidi ya robo walikuwa bado na vimelea, hivyo chandarua peke yake hakimalizi kazi.

Dawa ukoko nayo ilisaidia: baada ya miezi tisa watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 28 kwenye maeneo yaliyopuliziwa, 44 kwenye yasiyopuliziwa. Lakini kuunganisha PBO na dawa ukoko hakukuonyesha faida ya ziada kuliko PBO peke yake. Mwanafunzi wa uongozi wa huduma za afya akiulizwa namna ya kugawa bajeti ndogo, jibu lake linaanzia hapo.

Wa biolojia naye atumie jaribio hilohilo kwa swali la uteuzi asilia, ila aepuke kosa moja linaloonekana mwaka hadi mwaka: "mbu walizoea dawa". Mbu mmoja mmoja hakuzoea kitu. Katika kundi kubwa la mbu walikuwepo wachache wenye jeni zinazowapa vimeng'enya vingi vya kuvunja dawa. Dawa ikaua wengine, wachache hao wakabaki, wakataga, na watoto wao wakarithi. Baada ya vizazi kadhaa, na kizazi cha mbu ni cha wiki chache, wachache wakawa wengi. Ukiandika "walizoea" umesema mabadiliko yalitokea ndani ya kiumbe kimoja katika maisha yake, na hiyo si nadharia ya Darwin. Jibu lote lililobaki linaweza kuwa sahihi na bado ukapoteza alama za msingi kwa neno hilo moja.

Hesabu za Marburg

Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, wa kwanza kuwahi kuripotiwa nchini. Maruku na Kanyangereko zikajulikana duniani kwa wiki chache. Wagonjwa walikuwa tisa, wanane waliothibitishwa maabara na mmoja aliyehesabiwa kuwa wa kudhaniwa kwa nguvu. Sita walifariki. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo wahudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 2 Juni. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa pili, safari hii Biharamulo, ulioisha tarehe 13 Machi mwaka huo: watu kumi, wawili tu waliothibitishwa maabara, na wote kumi walifariki.

Swali la kawaida la epidemiolojia ni kukokotoa kiwango cha vifo miongoni mwa wagonjwa. Hesabu ni rahisi: sita kwa tisa ni asilimia 67, kumi kwa kumi ni asilimia 100. Kisha mwanafunzi anaandika kwamba virusi vya mwaka 2025 vilikuwa vikali zaidi, na hapo anateleza. Wanane kati ya kumi hawakuthibitishwa maabara; walihesabiwa baada ya kifo, kwa dalili na kwa uhusiano wao na wagonjwa wengine. Mtu aliyepata homa nyepesi akapona nyumbani kabla ya timu kufika hana namna ya kuingia kwenye hesabu hiyo. Kiwango kinaweza kupanda kwa sababu ya namna wagonjwa walivyopatikana, wala si kwa sababu ya virusi. Pia kwa kundi la watu tisa, mgonjwa mmoja tu akibadilika, asilimia inaruka kwa kumi na moja. Andika hivyo kwenye jibu. Sentensi mbili za tahadhari kama hizo zinaonyesha umeelewa kipimo, jambo ambalo kikokotoo hakiwezi kulionyesha kwa niaba yako.

Swali jingine linalopenda kujitokeza: kwa nini waliokutana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na kwa nini mlipuko husubiriwa siku 42 kabla ya kutangazwa umeisha? Usikariri namba bila mantiki yake. Tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana huchukua siku mbili hadi 21. Aliyefikisha siku ya 21 akiwa mzima ametoka kwenye hatari. Siku 42 ni muda huo mara mbili, kuanzia mgonjwa wa mwisho anapohakikishwa kuwa hana tena virusi au anapozikwa, ili kama kuna aliyepita bila kuonekana, mnyororo wake ujitokeze. Namba ukiielewa chanzo chake huisahau kwa shida.

Neno moja kuhusu madesa na simu. Desa la mwaka juzi kutoka steshenari linaweza kukusaidia kujua kozi inaelekea wapi, lakini takwimu zake zimepita mikono mingi, na mara nyingi hakuna anayejua zilitoka wapi. Programu za akili bandia kwenye simu nazo huandika sentensi nyoofu sana zenye namba ambazo hazipo popote. Sheria iwe moja kwa vyote viwili: namba usiyoweza kusema umeisoma kwenye chapisho gani, iache. Ni heri hoja nne zenye ushahidi ulioushika mwenyewe kuliko kumi zisizo nao.

Mgomba

Kwa swali la uzazi usio wa kijinsia, vitabu vingi huleta hamira na viazi. Wewe una mgomba. Ndizi zetu za nyanda za juu, Enchoncho, Nshakala na nyinginezo, zina seti tatu za kromosomu, na ndiyo sababu hazina mbegu zinazoota. Huzaliana kwa machipukizi, kila chipukizi likibeba jeni zilezile za mama. Faida yake mkulima anaijua: ladha haibadiliki, na kibanja kinaweza kudumu vizazi kadhaa vya watu. Hasara yake ilionekana mwaka 2006, mnyauko bakteria ulipoingia Kagera ukitokea Uganda, ambako ulikuwa umethibitishwa mwaka 2001. Ugonjwa huo, ambao wakulima wengi huuita unyanjano, ulielezwa kwanza Ethiopia kwenye enseti, jamaa wa mgomba, na husababishwa na bakteria wa jenasi Xanthomonas. Shamba ambalo mimea yake inafanana kijeni halina wa kusalimika. Hapo ndipo unapounganisha: kukosekana kwa tofauti za kijeni, kisha ugonjwa mpya, kisha hasara ya kibanja kizima.

Ukiulizwa kuhusu udhibiti, usikariri masharti. Onyesha kila sharti linakata njia gani ya maambukizi. Nyuki na wadudu wengine hubeba bakteria kutoka ua dume la mgomba mgonjwa hadi kwenye makovu mabichi ya ua dume la mgomba mzima, kwa hiyo ua dume huondolewa mapema, mara mkungu unapomaliza kutoa vichane. Huondolewa kwa kijiti chenye panda na si kwa panga, kwa sababu panga lililokata mgomba mgonjwa huingiza bakteria moja kwa moja kwenye mgomba unaofuata. Panga likilazimika kutumika, hupitishwa kwenye moto au kuoshwa kwa Jik. Chipukizi halichukuliwi kwenye shamba lenye ugonjwa, hata kama linaonekana zuri, kwa sababu bakteria anaweza kuwa ndani bila dalili. Kila sharti lina kwa nini yake. Aliye karibu na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku, au anayemfahamu afisa ugani wa kata, aende akaone mgomba uliokatwa ukitoa ute wa manjano. Ukishauona, hutahitaji kukariri dalili.

Kahawa, na swali la mkakati

Kazi za mkakati wa biashara ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu zana zake ni nzuri na zinaharibiwa kwa kujazwa kama fomu. Uchambuzi wa SWOT unakuja na visanduku vinne, mwanafunzi anatia maneno manne kila kimoja, anamaliza. Nguvu tano za Michael Porter, alizozieleza mwaka 1979, zinageuka vichwa vitano vya habari. Zana hizi ni maswali. Porter anauliza: faida ya biashara hii inachukuliwa na nani, na kwa nguvu gani?

Uliza hivyo kuhusu Chama Kikuu cha Ushirika Kagera, KCU. Kwanza weka mwaka, maana nguvu hizo hubadilika kila sheria inapobadilika. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa Bukoba kilianzishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vilifutwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya themanini. Katikati ya miaka ya tisini wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua moja kwa moja kwa mkulima, na ushirika ukajikuta na washindani ambao haukuwa nao jana yake. Mwaka 2018 serikali ikaelekeza kahawa ipite tena kwenye vyama vya msingi vya ushirika. Uchambuzi unaosema "ushindani ni mkubwa" bila kusema ni wa mwaka gani na chini ya kanuni zipi haupimiki.

Kisha tafuta mshindani halisi. Kwa karatasi, chama cha msingi sasa hakina mshindani. Kwa kibanja, kina wawili: mnunuzi wa magendo anayevusha kahawa kwenda Uganda, na mwenye butura. Butura, kwa msomaji asiyeijua, ni kununua kahawa ikiwa bado ua au tunda bichi mtini, kwa bei ndogo inayolipwa leo. Imepigwa marufuku na bado ipo. Mwanafunzi wa kawaida ataandika kwamba wakulima hukubali butura kwa kukosa elimu. Hapana. Fanya hesabu. Tuseme Januari mkulima anapewa shilingi 1,000 kwa kilo ambayo mwezi Juni ingeuzwa shilingi 2,000. Huo ni mkopo wa miezi mitano wenye riba ya asilimia mia moja, na mkulima anajua hivyo. Lakini Januari shule zinafunguliwa, na buni ya Bukoba na Muleba huvunwa kuanzia karibu Mei. Mwenye butura hauzi bei, anauza wakati. Ukiliona hilo, uchambuzi wote unageuka: chama kinachopandisha bei ya Juni kwa shilingi mia mbili hakijamgusa mshindani wake, kwa sababu mshindani wake ni mkopeshaji.

Ushahidi wa hoja hii hauko maktaba peke yake. Utalazimika kuwauliza wakulima, na hapo adabu ni sehemu ya mbinu ya utafiti. Chukua barua ya utambulisho chuoni, pita kwa mtendaji wa kijiji, kisha nenda kibanjani mchana, si asubuhi watu wakiwa kazini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Jibu swali hilo kikamilifu, taja kwenu na watu wenu, kubali kiti na chochote utakachokaribishwa, ikiwa ni akamwani, buni za kutafuna, pokea. Halafu usiulize, "Mzee, unauza butura?" Umemtaka akiri kosa mbele ya mtoto wa watu. Uliza: "Mwaka jana ada ya vijana ulipoibeba Januari, ulifanyaje mzee?" Kisha nyamaza. Kahawa itakuja yenyewe kwenye jibu. Mama mwenye nyumba naye aulizwe, kwa heshima ileile, kwa kuwa mara nyingi ndiye anayejua fedha ilifika lini na ikaishia wapi. Kwenye kazi yako usiandike jina la mtu, kitongoji chake wala chochote kitakachomtambulisha. Andika "mkulima wa kata fulani" na uache hapo. Anayesomea afya afanye hivyo kwa ukali zaidi kwa mgonjwa aliyemhudumia wodini wakati wa mafunzo ya vitendo.

Kama mada yako ni bidhaa na masoko badala ya ushindani, angalia Tanica, kiwanda cha kahawa ya kukoroga kilichopo Bukoba, ambacho KCU ina hisa ndani yake. Jedwali la Igor Ansoff la mwaka 1957 linauliza kama kampuni ikue kwa bidhaa iliyopo au mpya, kwenye soko lililopo au jipya. Robusta yetu inafaa sana kwa kahawa ya kukoroga, lakini bidhaa hiyo inakutana dukani na majina makubwa ya dunia yenye fedha nyingi za matangazo. Senene nao ni mada nzuri kwa mwenye muda mfupi: wanapatikana kwa msimu, wanaharibika upesi, na wauzaji wa soko la Bukoba wanaweza kukueleza bei ya wiki ya kwanza na ya wiki ya tatu bila kuficha.

Mapendekezo ndiyo sehemu ya mwisho ya kazi ya mkakati, na huandikwa usiku wa manane kabla ya siku ya kukusanya. "Serikali itoe elimu kwa wakulima. Ushirika uboreshe huduma." Hayo hayapendekezi kitu. Pendekezo lina mtendaji, chanzo cha fedha, tarehe, na hatari yake. Kwa mfano: chama cha msingi kimpe mwanachama malipo ya awali mwezi Januari, sehemu ndogo ya thamani ya mavuno yake ya wastani wa misimu mitatu kama yalivyo kwenye daftari la chama, kwa fedha iliyokopwa benki kwa dhamana ya kahawa ijayo, na yakatwe mkulima anapoleta kahawa ghalani. Hatari: mkulima aliyepokea Januari anaweza kuivusha kahawa yake mpakani Mutukula mwezi Julai ikiwa bei ya Uganda imepanda. Kwa hiyo sema nani atabeba hasara hiyo, chama, benki au wanachama wenzake wa kikundi kimoja, na kwa nini umemchagua huyo. Kisha linganisha riba ya benki na ile asilimia mia moja ya butura, uone kama chama kinabakiwa na nafasi ya kulipa gharama zake. Ikiwa hakibakiwi, andika hivyo waziwazi, upunguze kiasi cha malipo ya awali, na ukokotoe upya.